Jina refu halipotei: kutoka lokole ya mtoni hadi kompyuta ya mwandikishaji

UBUNDU. – Familia inayofika kutoka vitani huulizwa jina kabla ya mambo mengine mengi. Mwandikishaji ameketi mezani, mbele yake kuna kompyuta ndogo au tableti, na nyuma ya familia hiyo mstari ni mrefu. Mama anataja jina lake na idadi ya watoto, mwandikishaji anaandika, mama anaweka kidole kwenye kioo kidogo, halafu anaitwa mwingine. Ni kazi ya dakika chache. Lakini unga, mafuta, turubai, na pengine siku moja fidia ya nyumba iliyochomwa, vyote vinaweza kutegemea jinsi dakika hizo zilivyokwenda.

Ndugu wasikilizaji wa Ubundu na wa Kisangani, na ninyi familia ambazo bado mko mbali na nyumba zenu, swali moja linarudi kila mara: mashine hizi tuziamini au tuziogope? Wengine wanasema kompyuta haidanganyi. Wengine wanasema ni kitu cha kutunyang'anya. Habari hii inafuata njia ambayo sisi watu wa mto huu tumepita pamoja na mashine za kupeleka habari na kutunza majina. Tukiifuata hadi mwisho tutaona kwamba mashine inatunza kile tu ilichopewa, na kwamba kumpa mtu jina lisiloweza kupotea ni ujuzi ambao wazee wetu walikuwa nao kabla ya kompyuta ya kwanza kutengenezwa.

Ngoma yenye sauti 2

Tuanze na lokole. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye ufa juu na midomo 2. Ukipiga mdomo mmoja inatoka sauti ya juu, ukipiga wa pili inatoka sauti ya chini. Hakuna herufi wala silabi, ni juu na chini tu. Hata hivyo Walokele, kwenye vijiji vya mto chini ya Kisangani, walituma habari ya msiba, ya mkutano, ya masua inayokuja, na watu wa mbali wakaelewa wakiwa bado mashambani.

Mwingereza mmoja, John Carrington, alifika Kongo mwaka 1938 kama mmisionari na mwalimu, akafanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani. Alijifunza lokole kwa miaka mingi, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake kwa Kiingereza, Talking Drums of Africa. Alieleza jambo ambalo wapigaji wenyewe walilijua tangu zamani: lokole haitumi alama za siri, inafuata sauti za lugha yenyewe. Lugha nyingi za kwetu, tofauti na Kiswahili, hubadilisha maana kwa kupandisha au kushusha sauti. Kwa Kilokele neno lisaka linaweza kuwa dimbwi, au ahadi, au sumu, kulingana na mahali sauti inapopanda. Kuna hata mfano wa kuchekesha: maneno ya kusema mtu aliangalia ukingo wa mto, ukikosea sauti, yanageuka kuwa alimchemsha mama mkwe wake.

Lakini hapo kulikuwa na shida. Ukiondoa herufi na kubaki na sauti za juu na chini peke yake, maneno mengi sana yanafanana. Neno moja kwenye lokole ni kama mtu unayekutana naye gizani: unajua kuna mtu, hujui ni nani. Wapigaji walipata dawa. Hawakutuma neno peke yake. Kila neno walilifunga pamoja na maneno mengine yanayojulikana na wote, mpaka lisiweze kuchanganywa na lingine. Ujumbe ulikuwa mrefu mara nyingi kuliko maneno ya mdomo. Mgeni alidhani ni kurudia bure, kumbe urefu huo ndio uliolinda habari isiharibike njiani.

Na majina ya watu yalikuwa vivyo hivyo. Jina la ngoma la mtu wa Kilokele lilikuwa na sehemu 3: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Ukiitwa kwa lokole, hukuitwa tu wewe. Uliitwa pamoja na wale wanaokufanya uwe wewe na si jirani yako.

Mwaka 1948 huko Marekani

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Carrington, mhandisi Mmarekani Claude Shannon, aliyefanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alitoa maandishi yaliyobadilisha dunia ya mashine. Alionyesha kwamba ujumbe wowote, uwe maneno, sauti au picha, unaweza kuvunjwa kuwa chaguo dogo dogo kati ya alama 2: ndiyo au hapana, 1 au 0. Simu iliyo mfukoni mwako leo inafanya kazi hivyo. Nayo ina midomo 2 tu, kama lokole.

Shannon alieleza pia kwa hesabu kile wapigaji wa mtoni walichokifanya kwa masikio. Njia yoyote ya habari ina kelele: upepo, waya mbovu, umeme unaokatika. Ukitaka ujumbe ufike mzima, ongeza alama za ziada, ili pale moja inapoharibika zile nyingine zionyeshe kosa. Simu na kompyuta za leo huongeza alama hizo zenyewe kila siku bila sisi kuona.

Tushike jambo hili, maana litaturudisha kwenye meza ya mwandikishaji. Alama za ziada za kompyuta zinalinda kile kilichokwisha kuingia ndani yake. Kosa lililofanyika kati ya mdomo wa mama na kidole cha mwandikishaji, mashine haiwezi kuliona. Jina lililoandikwa vibaya litatunzwa vizuri kabisa, vibaya vile vile, miaka na miaka.

Reli ilihesabu mizigo

Hapa Ubundu, mji ambao Wabelgiji waliuita Ponthierville, mashine kubwa ya kwanza ilikuwa treni. Reli ya kilomita 125 kutoka Stanleyville ilifunguliwa mwaka 1906, na kampuni ya CFL, ili kukwepa maporomoko ambayo masua haziwezi kupita. Kutoka hapa mizigo ilipanda tena masua kuelekea Kindu. Kabla ya Vita vya kwanza vya dunia Wabelgiji walianza pia kusimamisha minara ya redio za telegrafu, kutoka mdomo wa mto hadi Elisabethville, kupitia Stanleyville.

Mashine hizo zilileta haraka ambayo haikuwapo. Lakini tuangalie zilibeba habari gani: bei, amri, saa za masua, uzito wa mizigo. Mtu aliyebeba magunia na kulaza reli alikuwa kwenye daftari la karani, akihesabiwa kwa ajili ya kodi na kazi. Karani aliandika alivyosikia, kwa herufi za Kifaransa, bila sauti za juu na chini. Hapo ndipo majina yetu yalipoanza kupoteza nusu ya mwili wake. Ndugu wawili ambao masikio ya mama yao hayawezi kuwachanganya, kwenye karatasi wakawa na jina moja. Walengola, Wamituku, Wakumu na Wagenia wanaojua lugha za nyumbani wanaelewa tunasema nini.

Mwaka wa uhuru

Mwaka 1960, wakati sisi tunapata uhuru, Mmarekani mwingine, J. C. R. Licklider, alitoa makala kuhusu ushirika kati ya binadamu na kompyuta. Hakuwa fundi wa mashine kwa asili. Alikuwa mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi sikio linavyosikia. Alijipima mwenyewe kazini akakuta kwamba asilimia 85 hivi ya muda aliouita wa kufikiri ilipotea katika kutafuta karatasi, kunakili na kuchora hesabu. Akasema: kazi hiyo ya kurudiarudia ifanywe na kompyuta, binadamu abaki na kuweka lengo, kuuliza swali na kupima kama jibu lina maana.

Wazo lake lilizaa matunda mengi, hata njia iliyoelekea kwenye intaneti. Lakini ushirika unahitaji pande 2, na sisi kwa muda mrefu hatukuwa na upande wowote. Hesabu ya watu wote wa nchi ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo haijarudiwa. Simu ya mkononi ilifika Zaire mapema, mwaka 1986, kwa kampuni ya Telecel, lakini ilikuwa ya matajiri na wakubwa. Kwenye vijiji vyetu mashine ya habari ilikuwa foni, ile redio ya betri au ya jua. Uliandika ujumbe wako kwenye kipande cha karatasi, ukamlipa mwenye foni, naye akausoma hewani kwa mwenzake wa Kindu, Lubutu au Kisangani.

Waliowahi kukaa karibu na foni wanakumbuka jinsi mambo yalivyosemwa. Jina lilirudiwa mara 2 au 3. Liliongezwa: mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, yule fundi wa baiskeli. Mwenzake akarudisha alichosikia, na wa kwanza akasema ndiyo au akasahihisha. Hewa ilikuwa na kelele, kwa hiyo watu walirefusha maneno. Ni desturi ya lokole iliyohamia kwenye umeme bila mtu kuifundisha.

Mwaka 1997, mashine ilishinda na watu wakapotea

Mei 1997, huko New York, kompyuta ya kampuni IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa mchezo wa chesi. Magazeti ya dunia yalijiuliza kama mashine sasa imempita binadamu.

Miezi ile ile, kwenye reli yetu, hakuna aliyeweza kusema watu ni wangapi. Baada ya kambi ya Tingi-Tingi kuanguka mwanzoni mwa Machi, makumi ya maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda walifika hapa Ubundu, wakavuka mto, na wengi wakakaa kando ya reli, huko Kasese na Biaro. Mwishoni mwa Aprili kambi hizo zilishambuliwa na kuvunjwa. Wafanyakazi wa msaada waliporudi, walikuta hazina watu. Mpaka leo hesabu ya waliokufa msituni inabishaniwa, kwa sababu wengi hawakuandikwa majina yao popote.

Tunasema haya bila kumlaumu aliyetengeneza kompyuta ya chesi. Tunaonyesha tu kwamba mashine inaweza kuwa na akili ya ajabu upande mmoja wa dunia, na upande wa pili mama akakosa mtu wa kuandika jina la mtoto wake.

Waliopata kuunganishwa tena, mara nyingi waliunganishwa na orodha, redio na kumbukumbu ya watu vikifanya kazi pamoja. Tangu mwaka 1994 BBC ilikuwa na kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi, Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi, wakapiga picha, wakatunza kwenye mafaili na kompyuta. Redio ikayasoma. Lakini mashine haikumtambua mtoto. Mtu ndiye aliyemtambua: shangazi aliyesikia jina la baba pamoja na jina la kilima, akasema, huyu ni wetu. Jina la Jean peke yake lisingemfikisha mtoto nyumbani.

Kidole kwenye kioo

Mwaka 2005 kompyuta zilifika vijijini kwa mara ya kwanza kwa wingi. Tume ya uchaguzi ya wakati ule, CEI, ilileta vifaa vya kuandikisha wapiga kura: kompyuta ya kubeba, kamera, kioo cha kusoma vidole, mashine ya kuchapa karte, na jenereta. Zilipelekwa kwa ndege, kwa mitumbwi, kwa pikipiki na kwa migongo ya watu. Zaidi ya watu milioni 25 waliandikwa nchi nzima, wakapiga kura ya maoni juu ya Katiba Desemba ile na uchaguzi wa Julai 2006.

Kwa wengi, karte ile ilikuwa karatasi yao ya kwanza yenye picha. Kwa kuwa hapakuwa na karte ya taifa, ya uchaguzi ndiyo ikawa kitambulisho cha kila siku: kizuizini barabarani, kwenye duka la simu, hospitalini. Mashine iliyoletwa kwa ajili ya kura ikawa ndiyo inayosema sisi ni nani.

Hapa kompyuta ilifanya kazi ambayo binadamu hawezi. Kulinganisha vidole vya mamilioni ya watu ili kuona nani ameandikwa mara 2, hakuna karani wa kuifanya hata akipewa maisha 10. Lakini mkaguzi akiangalia, udhaifu nao unaonekana. Mwaka 2018 wakaguzi wa shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa walikuta kwamba asilimia 16.6 ya walioandikwa hawakuwa na alama za vidole kwenye orodha. Desemba ile tulipiga kura kwa mashine yenye kioo cha kugusa, iliyotengenezwa Korea Kusini. Ubishi ulikuwa mkali mpaka wapinzani wakaicheza kwa Kifaransa jina lake, wakigeuza mashine ya kupiga kura kuwa mashine ya kuiba. Na karte nyingi zilizotolewa mwaka 2023 zilianza kufutika maandishi. Jina lilibaki kwenye kompyuta, lakini mkononi mwa mwenyewe likawa kama moshi.

Tukumbuke pia vidole vya watu wa kazi. Anayelima, anayepiga makasi, anayemenya mihogo na kuponda mawese, mistari ya vidole vyake huchakaa. Kioo kikikataa kidole, si kwamba mtu ni mwongo. Ni mashine iliyoshindwa, na hapo mwandikishaji anapaswa kuwa na njia nyingine.

Kesi iliyokosa majina

Mwaka ule ule wa 2005, mwezi Desemba, Mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa vita vyake katika nchi yetu. Watu wa Kisangani hawahitaji kuelezwa vita hivyo. Siku 6 za Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini, hazijasahauliwa na mtu aliyekuwepo.

Hukumu ya fidia ilitoka tarehe 9 Februari 2022. Nchi yetu ilikuwa imedai kwa ajili ya vifo 180,000. Mahakama ilisema ushahidi hautoshi kwa hesabu hiyo, ikachukua kati ya vifo 10,000 na 15,000. Fidia yote ikawa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili, kulipwa kwa miaka 5. Mfuko wa kuwalipa waathirika, FRIVAO, umewekwa Kisangani, na kazi yake ngumu ni ile ile: nani yuko kwenye orodha, nani hayuko, na nani anaweza kuthibitisha.

Tusome vizuri somo la hukumu hiyo. Majaji hawakusema watu hawakufa. Walipima karatasi zilizokuwa mbele yao. Fomu za waathirika zilikuwepo, orodha zilikuwepo, lakini nyingi hazikuwa na nguvu: hati za vifo zilikosekana, na pia habari za kuonyesha nani alikufa, wapi, lini na mikononi mwa nani. Kompyuta inaweza kujumlisha mistari 1,000 kwa kupepesa jicho. Haiwezi kuuongezea mstari mmoja ukweli ambao haukuandikwa.

Lubunga, Ubundu, Opala

Februari 2023 mgogoro wa ardhi uliwagonganisha Wambole na Walengola huko Lubunga, mtaa wa Kisangani ulio ng'ambo ya kushoto, pale treni yetu inapoanzia. Ukaenea kwenye vijiji vya wilaya za Ubundu na Opala. Maelfu walikimbia, wengine wakavuka mto na nguo walizovaa. Karte zilibaki nyumbani, na nyumba zikachomwa. Kwa hiyo watu wa jamii zote mbili walijikuta mbele ya meza ile ile, wakianza upya kusema wao ni nani.

Tuseme mama anaitwa Maria, ana watoto 5. Kwenye orodha hiyo hiyo wako Maria wengine 9. Mwandikishaji amechoka, jua linawaka, mtoto analia. Anaandika Maria, watoto 5. Wiki ya ugawaji inafika, jina linaitwa, wanasimama Maria 3. Hapo hakuna mwizi. Kuna jina fupi mno lililoingia kwenye mashine isiyojua kuuliza.

Dawa ni jina refu, kama la lokole. Jina lako, jina la pili, jina la ubatizo au la Kiislamu kama unalo. Jina la baba na la mama. Kijiji, grupma, sekta, wilaya. Mwaka wa kuzaliwa, au tukio linalojulikana. Watoto mmoja mmoja kwa majina, si kwa idadi, pamoja na yule ambaye hayupo na mahali mlipoachana. Kisha mwombe mwandikishaji akusomee alichoandika, kama mtu wa foni alivyorudisha ujumbe. Kama husomi, mwombe asome kwa sauti, herufi kwa herufi ikibidi. Waliopo nyuma kwenye mstari watavumilia, maana nao watahitaji hivyo hivyo zamu yao ikifika.

Hapa pana kona ngumu, na hatutaificha. Jina refu linasema pia unatoka kwa nani. Mwaka 1994 nchini Rwanda karte za utambulisho zilizoandikwa kabila ziliwasaidia wauaji kuchagua watu vizuizini. Baada ya yale yaliyotokea Lubunga, mtu ana haki ya kusita kabla ya kutaja kijiji chake mbele ya umati. Kwa hiyo jina refu lisemwe kwa mtu anayestahili, mahali panapostahili, baada ya kuuliza: orodha hii ni ya nani, itakaa wapi, nani mwingine ataiona? Na kama swali la kabila halina faida kwa msaada wenyewe, linaweza kuulizwa lina kazi gani. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoitwa Kodi ya numeriki, inalinda habari za mtu na inatambua haki yake ya kujua kilichoandikwa juu yake na kuomba kisahihishwe. Sheria hiyo haitembei yenyewe kutoka Kinshasa hadi kambini, lakini anayeitaja kwa upole ana miguu imara zaidi.

Mashine zinazokisia

Kuna ukurasa mpya. Tangu mwisho wa 2022 dunia imezizoea programu zinazoandika na kujibu kama mtu. Hufanya hivyo kwa kukisia neno linalofaa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno zilizokwisha kusoma. Zinaweza kutafsiri barua, kumsaidia mwanafunzi, kupanga orodha ndefu. Wale wenye simu nzuri tayari wanazitumia hapa hapa.

Lakini mashine inayokisia huvutwa na kile inachokijua zaidi. Jina la mtu wa Lowa au wa Kirundu, ambalo halijaandikwa mara nyingi popote, linaweza kugeuzwa kuwa jina lingine linalofanana na la kawaida zaidi. Zamani karani aliliandika vibaya kwa sababu ya kutosikia. Leo programu inaweza kulisahihisha vibaya kwa sababu ya kujiamini. Katika hali zote mbili anayejua ukweli ni mwenye jina na jirani yake.

Licklider aliandika kwamba mashine ifanye ya kurudiarudia na binadamu aweke lengo na kupima jibu. Kwa nchi yetu tunaweza kulisema kwa lugha ya mto. Kompyuta itunze, ilinganishe, ihesabu, isichoke. Mtu aseme, arudie, ashuhudie, na akatae pale ambapo mashine imekosea. Orodha ya kambi isiyosomwa mbele ya watu wenyewe ni lokole iliyopigwa usiku kijiji kikiwa kimelala.

Kwa hiyo, wenyeviti wa kambi, wakuu wa vijiji, walimu na wachungaji mlio pamoja na familia zilizohama: tunzeni na ninyi daftari lenu, la mkono, lenye majina marefu, mahali pakavu na pa siri. Orodha ya kompyuta ikiletwa, zilinganisheni. Aliyezaliwa kambini aandikwe kwa ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 ambazo sheria inatoa bila malipo. Aliyefariki naye aandikwe: jina, siku, mahali, na nani aliyekuwepo. Inauma kuandika hivyo wakati machozi bado yako usoni, lakini tumeona huko La Haye jinsi mahakama inavyopima vifo visivyo na majina.